Uliza Fundi: Nitapataje kasha la kompyuta lenye ubaridi na ukimya?

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi husoma hadithi kwa sauti na kuzirekodi, na video zake nazihariri kwenye kompyuta hiyohiyo. Niliiunda mwenyewe mwaka jana: prosesa ya wati 105, kadi ya grafiki ya wati 200, feni tatu zilizokuja na kasha, na diski ngumu mbili za kuhifadhia kazi. Kasha lenyewe liliuzwa kwa sifa ya ukimya. Mlango wa mbele umezibwa wote, na ndani kumebandikwa sponji nyeusi. Hata hivyo maikrofoni inanasa mvumo wa chini usiokatika, na nikianza kutoa video, yaani kompyuta inapounda faili la mwisho la video niliyoihariri, inanguruma kama mashine ya kusaga. Kadi inafika nyuzi 84. Nina uwezo wa kubadilisha kasha mara moja tu. Nitafute lenye sponji nene zaidi, au lile la wavu ambalo kila mtu ananiambia litapiga kelele?

*Msimulizi wa Usiku*

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza. Usiku wa leo anza kutoa video moja ndefu, ngoja dakika 20 mpaka joto litulie, kisha andika kwenye karatasi nyuzi za prosesa, nyuzi za kadi na mizunguko ya feni. Halafu chomoa mlango wa mbele, uweke kando, usiguse kingine chochote. Baada ya dakika 10 andika tena. Joto likishuka nyuzi moja au mbili, kasha halina hatia na mchawi tumtafute kwingine. Likishuka nyuzi saba, nane, ujue kasha linaibana kompyuta pumzi, na kelele unayoisikia ni ya feni zinazohangaika kuvuta hewa mahali isipopita.

Nimeanza na jaribio hilo kwa sababu ndilo lililonifumbua macho mimi mwenyewe. Kasha langu la kwanza la kimya lilikuwa na mlango mzito kama wa kabati, na sponji kila upande. Nililipenda sana. Kompyuta ikiwa haina kazi, husikii kitu. Usiku mmoja nilikuwa namalizia video ya saa mbili, feni zimepanda hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, nikaufungua mlango niangalie kama kuna waya unaogusa feni. Waya haukuwepo. Ila nikiwa bado nimechuchumaa sakafuni, tochi mkononi, sauti ilianza kushuka yenyewe, taratibu, kama gari linalopunguza mwendo likikaribia kituo. Nikainuka kutazama skrini: prosesa iliyokuwa nyuzi 88 sasa ilikuwa 79, na feni 1,100. Mlango nilioulipia uzuie kelele ndio uliokuwa unaizalisha.

Kwa hiyo jibu langu ni wavu, na nitakueleza kwa nini nina uhakika.

Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unaishia kuwa joto. Mashine yako ikichapa kazi, tuseme inakula wati 300. Kama unataka hewa iingie na baridi ya chumba na itoke ikiwa imepanda nyuzi 10 tu, unahitaji mita za ujazo 90 hivi za hewa kila saa. Si nyingi. Feni nzuri ya milimita 140 ikienda mizunguko 1,500 kwa dakika husukuma karibu mita za ujazo 140 kwa saa, ikiwa haina kizuizi mbele yake. Ukiipunguza mwendo hadi nusu, hewa nayo inakuwa nusu, yaani 70. Zifunge mbili kwa mwendo huo wa nusu, umerudi kwenye 140. Toa kinachopotelea kwenye wavu, kichujio na msongamano wa ndani, bado unakaribia unachohitaji.

Sasa sikiliza upande wa kelele, maana hapa ndipo penye faida yote. Hewa hupungua sambamba na mwendo wa feni, lakini kelele huporomoka zaidi: mwendo ukiwa nusu, kelele inashuka kwa takribani desibeli 15. Kuongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza kunaongeza desibeli 3 tu. Feni mbili za nusu mwendo zinapitisha hewa ileile ya feni moja ya mwendo kamili, huku kelele ikiwa chini kwa desibeli 12 hivi. Sikio la binadamu huchukulia tofauti ya desibeli 10 kuwa karibu nusu ya sauti. Hakuna sponji ndani ya kasha la kawaida itakayokupa tofauti ya ukubwa huo.

Lakini hesabu hiyo yote inasimama juu ya sharti moja, njia iwe wazi. Feni inayozunguka polepole haina nguvu ya kusukuma. Msukumo wake hupungua kwa kasi kuliko hewa yake. Kwa nusu ya mwendo unabaki na robo tu ya msukumo. Ukiiweka nyuma ya mlango uliozibwa, wenye upenyo wa upana wa kidole pembeni, feni ya polepole inakoroga tu hewa palepale ilipo. Ndipo madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inapoona joto linapanda, inaamuru mwendo uongezwe, na ukimya wako umekwisha.

Sponji siidharau. Inameza sauti nyembamba, ile miluzi na mikwaruzo. Mvumo wa chini unaipita kana kwamba haipo. Na makasha ya aina yako hayakubuniwa na wajinga. Mwaka 2005 kampuni ya Antec ilitoa P180, kasha lililobuniwa pamoja na Mike Chin, mwanzilishi wa Silent PC Review, tovuti ya kupima kompyuta za kimya. Kuta zake zilikuwa za tabaka tatu, plastiki katikati ya alumini, na pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, ilikuwa na chumba chake peke yake chini. Zama hizo karibu kila kompyuta ilikuwa na diski za kuzunguka, na kuzifungia kulikuwa na maana. Leo kelele kubwa inatoka kwenye kadi ya grafiki. Kadi ya RTX 4090 iliyotoka 2022 imepangiwa wati 450 peke yake, na hata hiyo yako ya 200 inamwaga joto lake karibu lote ndani ya kasha, kwa sababu feni zake hupuliza huko huko ndani. Kadi inapoza mwili wake kwa hewa inayoikuta. Ukiiletea hewa ya moto, feni zake ndogo ndizo zitakazopiga kelele, na hizo huwezi kuzibadilisha kirahisi.

Nije kwenye ule mvumo wa chini unaoingia kwenye maikrofoni. Nadhani huo hauhusiani na feni hata kidogo. Diski ngumu inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inatikisika mara 120 kila sekunde, na bati la kasha linauchukua mtikisiko huo na kuukuza kama ngozi ya ngoma. Weka kiganja chako bapa kwenye ubavu wa kasha, ukandamize kidogo. Mvumo ukibadilika au ukififia chini ya mkono wako, umemkamata. Ukiwa na diski mbili ni vibaya zaidi, kwa kuwa hazizunguki kwa mwendo uliolingana kabisa, hivyo mvumo unapanda na kushuka kama mawimbi: vuuu, vuuu. Ndio unaomsumbua sana mtu anayerekodi sauti. Dawa yake ni kuhamishia kazi unayoishughulikia kwenye SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, na diski zile uzitoe nje kabisa, uziwashe wakati wa kuhifadhi tu. Kama lazima zikae ndani, tafuta kasha ambalo vishikio vya diski vina vipira laini, na usikaze skrubu mpaka kipira kikapondeka. Nimeona watu wakikaza kwa nguvu zote kisha wanashangaa kipira hakijasaidia; kikishapondeka ni sawa na chuma juu ya chuma.

Ukifika kuchagua, mambo ninayoyaangalia mimi kwa mkono na jicho ni haya. Nyuma ya wavu wa mbele nawasha tochi ya simu. Mwanga ukipenya vizuri, na hewa itapenya. Ukiona kiza, au vitundu vichache vilivyotobolewa kwa ajili ya urembo, rudisha rafuni. Kisha naangalia umbali kati ya wavu na mapanga ya feni. Chuma kilichokaribiana mno na feni upande inakovutia hewa huleta mluzi hata mwendo ukiwa mdogo. Sentimita moja au mbili za nafasi zinatuliza kabisa. Nachomoa kichujio cha vumbi nione kama kinatoka kwa mkono mmoja bila kupindua kasha, kwa sababu kichujio kisichotoka kirahisi hakitasafishwa, na kichujio kilichojaa vumbi ni mlango uliozibwa. Miguu nayo naitazama. Pawa saplai nyingi huvuta hewa kutoka chini, na kasha lenye miguu mifupi likiwekwa juu ya zulia linazama.

Vipimo usibahatishe. Kipozaji kikubwa cha hewa cha prosesa kama NH-D15 ya Noctua kina kimo cha milimita 165, na yapo makasha yanayoishia 160. Kadi nyingi za sasa zinavuka milimita 300 kwa urefu. Pima kadi uliyonayo, ongeza milimita 25 za unene wa feni ya mbele, halafu acha nafasi ya vidole vyako.

Ukitaka majina ya kuanzia, Lancool 216 ya Lian Li inakuja na feni mbili za milimita 160 mbele, na Torrent ya Fractal Design, ya 2021, ina mbili za milimita 180. Feni kubwa namna hiyo zinapitisha hewa nyingi zikienda pole. North ya Fractal Design ina vipande vya mbao mbele na bado hewa inapita. Kama moyo wako haujakubali kuachana na sponji, Silent Base 802 ya be quiet! inakuja na paneli za mbele na za juu za kubadilisha, zilizozibwa na za wavu. Unaweza kurekodi na ile iliyozibwa, ukaweka ya wavu unapotoa video. Ila nakuhakikishia, baada ya mwezi utaiacha ya wavu palepale.

Kasha likishafika, kazi iliyobaki ni ya kuketi na uvumilivu. Ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, sehemu ya feni. Zipe feni za kasha mwendo wa chini usiobadilika, mizunguko 500 au 600, mpaka prosesa ifike nyuzi 60, kisha zipande kwa mteremko wa taratibu. Kuna mahali pa kuweka kuchelewa kwa sekunde kadhaa kabla feni hazijaitikia joto. Weka muda mrefu inavyowezekana. Prosesa hupanda nyuzi 15 kwa kufungua tu ukurasa, halafu inashuka. Feni inayoruka na kila mruko wa joto inachosha masikio kuliko feni yenye sauti moja iliyo juu kidogo, na wewe unayehariri sauti unajua jinsi ilivyo shida kuifuta kelele inayobadilikabadilika. Zipo programu zinazoruhusu feni za kasha zifuate joto la kadi badala ya prosesa. Kwa kazi yako hiyo ni bora.

Jambo la mwisho kwako. Maikrofoni nyingi za kusomea zina mgongo usiosikia vizuri. Weka kompyuta upande wa mgongo huo, chini ya usawa wa meza, mbali kadiri nyaya zinavyofika. Kila ukiongeza umbali mara mbili mahali pa wazi, sauti inapungua desibeli 6. Chumbani inapungua kidogo kuliko hapo kwa sababu ya kuta, lakini bado ni faida isiyohitaji ununue chochote.

Niandikie namba zako za kabla na baada ya kuchomoa mlango. Nazisubiri kweli.

SWALI

Fundi, naunda kompyuta kwa mara ya kwanza. Rafiki yangu ananiambia nijaze feni saba, tatu mbele, tatu juu, moja nyuma. Kasha lina mbili mbele na moja nyuma tu. Je, nitaunguza kitu?

*Mjenzi Mgeni*

JIBU

Hutaunguza kitu. Mbili za kuingiza na moja ya kutoa ni mwanzo mzuri sana, na kwa kompyuta nyingi ndio mwisho pia. Feni za juu zilizo karibu na mbele mara nyingi huiba hewa baridi na kuitoa nje kabla haijaifikia prosesa. Hewa inayoingia ikizidi kidogo inayotoka, ile ya ziada inatafuta pa kutokea kwenye mianya, na vumbi linalazimika kupita kwenye vichujio badala ya kunyonywa kwenye kila upenyo.

Kilicho muhimu zaidi ni kuhakikisha kila feni inatazama inakopaswa. Hewa hutokea upande wenye vile vimikono vya fremu vinavyoshikilia mota. Ukikosa uhakika, kata ukanda wa karatasi laini wenye upana wa kidole, uusogeze mbele ya kasha. Unapaswa kuvutwa na kunata kwenye wavu. Nyuma unapaswa kupepea nje. Mwaka juzi nililetewa kompyuta ambayo mwenyewe alikuwa ameshabadilisha kipozaji mara mbili, na gundi ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozaji, mara tatu. Ukanda wangu wa karatasi ulipepea nje mbele, ukapepea nje nyuma. Feni zote zilikuwa zinatoa, hakuna hata moja iliyokuwa inaingiza. Tulizigeuza mbili za mbele kwa skrubu nane, na kadi ikashuka nyuzi 11.

SWALI

Habari za kazi, Fundi. Mwanangu ananisihi niweke kipozaji cha maji ili kompyuta inyamaze. Prosesa ni ya wati 65. Kuna tofauti ya kweli?

*Mama wa Wawili*

JIBU

Njema, mama. Kwa wati 65, usimwekee. Maji hayaondoi joto, yanalibeba tu hadi kwenye rejeta, na pale bado ni feni zinazolipuliza nje. Juu ya feni hizo unaongeza pampu, ambayo inafanya kazi muda wote hata kompyuta ikiwa haina shughuli, na sauti yake ni nyembamba. Kipozaji cha hewa cha mnara chenye feni moja ya milimita 120 kitaipoza prosesa hiyo kikiwa karibu hakisikiki, na kitakachoweza kuharibika humo ni feni tu, inayobadilishwa kwa dakika tano. Hizo fedha muwekee kwenye kasha lenye wavu mzuri.

SWALI

Kompyuta yangu haina joto, kadi iko nyuzi 62, feni ziko polepole, lakini nikicheza gemu inatoa mlio mwembamba kama mdudu, ziiii, na nikisogeza kamera ndani ya gemu mlio unabadilika. Nimefungua kasha, nimeshika feni moja moja, mlio uko palepale. Kasha lenye sponji litasaidia?

*Mchezaji*

JIBU

Huo ni mlio wa koili, yaani waya zilizosokotwa, za kadi au za pawa saplai. Umeme unapopita kwa mapigo ya haraka, waya za koili hutetemeka na kuimba, na wimbo hubadilika kadiri kazi inavyobadilika, ndiyo maana ukisogeza kamera unausikia ukigeuka. Hauharibu kitu. Sponji itaupunguza kidogo kwa sababu ni sauti nyembamba, lakini kwanza weka kikomo cha picha kwa sekunde kwenye mipangilio ya gemu, kilingane na skrini yako. Skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde haihitaji kadi ichore picha 300. Mlio mara nyingi unashuka hapohapo, na wati nazo zinapungua. Kama baada ya hapo bado unakukera na kadi iko ndani ya dhamana, rekodi mlio huo kwa simu ukiwa umeiweka sentimita 30 kutoka kwenye kadi, kasha likiwa wazi, uwapelekee waliokuuzia.